Ndege nao wanaugua malaria?

SWALI: Habari za kazi. Mi naishi Muheza, juzi nimepanda Amani kwa shangazi nikakuta dada mmoja mtafiti katega nyavu nyembamba msituni, anawanasua ndege wadogo wadogo anawatia kwenye vifuko vya kitambaa, anawapima uzito afu anawachoma sindano chini ya bawa anatoa damu. Nikamuuliza, akasema anatafuta malaria. Ni kweli ndege wana malaria? Inaweza kutuingia sisi au kuku wangu, maana mwaka jana walikufa 14 ndani ya wiki moja? Na vile vindege haviumii? – Msomaji, Muheza

JIBU: Dada hakukutania ndugu yetu, ndege wana malaria, na tena hao ndo waliotufundisha malaria inaenezwaje. Mwaka 1898 daktari Ronald Ross akiwa Calcutta, India, alifuatilia vimelea kutoka kwa ndege mgonjwa hadi kwenye tumbo la mbu, kisha hadi kwenye tezi za mate za mbu huyo huyo, akaona jinsi mbu anavyomwambukiza ndege mzima kwa kumuuma. Alifanya hayo kwa ndege wa kawaida kama shomoro, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ila usiogope, malaria ya ndege haimuingii binadamu. Yetu inaletwa na mbu aina ya Anofelesi, ya ndege mara nyingi inaletwa na Kuleksi, yule mbu wa maji machafu na vyoo vya shimo. Na huyo nyie watu wa Tanga mnamjua vizuri sana kwa sababu ndo anayeeneza matende na busha huku pwani.

Kuhusu damu: kinachotolewa ni tone tu, kanuni ni isizidi asilimia 1 ya uzito wa ndege, na chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ana gramu kama 8 hivi, sa piga hesabu mwenyewe. Tone linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya Giemsa kama unavyopimwa zahanati, afu mtu anakaa na hadubini masaa. Chembe nyekundu ya damu ya ndege ina kiini katikati, yetu haina, kwa hiyo unamwona kimelea kakaa pembeni ya kiini, mwingine kakisukuma kabisa hadi ukingoni, mwingine kakizunguka kama mkono uliokumbatia. Hapo ndo wanapotofautisha aina. Ndege mwenyewe anavishwa pete yenye namba mguuni anaachiwa, na akinaswa tena mwakani wanajua kama bado anao ugonjwa au kapona.

Sasa kwanini watu wahangaike hivo? Mimi nikisoma habari za Hawaii, visiwa vya Marekani kule bahari ya Pasifiki, roho inaniuma. Visiwa vile havikuwa na mbu kabisa mpaka mwaka 1826, Kuleksi wakafika na meli, baadaye malaria nayo ikaja na ndege wa kigeni. Ndege wetu wameishi na vimelea hivi miaka na miaka, wengi wanaugua kidogo wanaendelea na maisha, lakini wa kule hawakuwa na kinga. Kuna mmoja anaitwa iiwi, mwekundu, mdomo umepinda kama wa chozi, katika majaribio 9 kati ya 10 walikufa kwa kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea. Waliobaki wamekimbilia milimani kwenye baridi, kwa sababu chini ya nyuzi joto 13 kimelea hakikui ndani ya mbu, lakini joto linapanda na mbu nao wanapanda, na mwaka 2023 Marekani ikatangaza aina 8 za ndege wa Hawaii zimetoweka moja kwa moja. Sasa hivi wanamwaga mbu madume kutoka angani, madume hawaumi, ila wamepewa bakteria wa Wolbachia wa aina tofauti na ya majike wa huko, na jike akipandwa nao mayai hayaanguliwi. Naomba sana ifanikiwe.

Ndo maana huyo dada yuko Amani, mlima nao una baridi yake na ndege ambao hawapatikani sehemu nyingi, na bila kupima leo hutajua kesho kama mbu wamepanda.

Kuku wako 14 ndani ya wiki moja, mi nashuku mdondo, wengine wanaita kideri. Huo ni wa virusi, hauna dawa ila una chanjo, ile ya matone ya jicho, rudia kila miezi 3 na uchanje wakiwa wazima, ukisubiri waanze kusinzia umechelewa. Mwite afisa mifugo wa kata akuthibitishie. Na ukiokota ndege aliyekufa usimshike mkono mtupu, vaa mfuko wa plastiki, na ukimkuta na pete mguuni andika ile namba na mahali ulipomwona umpelekee dada wa nyavu, atafurahi kuliko unavyodhani.