Oveni inagoma ikishapata moto: ninunue bodi mpya?

Swali: Kaka fundi, habari za kazi. Naoka keki za kuuza hapa Ilazo, Dodoma. Oveni yangu ni ya umeme, ya kujengea kwenye kabati. Asubuhi inawaka bila shida. Nikishaoka trei mbili tatu, vitufe vya kugusa vinagoma, inalia yenyewe pii pii, halafu kwenye kioo cha saa inatokea herufi F na namba, na moto unakata. Nikiiacha ikapoa inarudi kama kawaida. Fundi aliyekuja amesema bodi, yaani ubao wa elektroniki unaoongoza oveni, imekufa, na bei ya bodi mpya ni karibu nusu ya oveni. Ninunue?

Jibu: Dada, salama. Usinunue bodi kwanza. Ulichoeleza mwenyewe kina nusu ya jibu: tatizo linakuja na joto na kuondoka na joto. Bodi iliyopigwa na umeme mkubwa kwa kawaida hubaki imekufa, asubuhi na jioni. Ya kwako inafanya kazi, ila inachemka. Sasa tuulize kwa nini inachemka.

Oveni za kujengea nyingi zina feni mbili, na watu huzichanganya. Moja iko nyuma, ndani kabisa, inazungusha hewa ya moto ili keki iive sawasawa. Ya pili hujificha juu, kati ya chumba cha moto na paneli ya vitufe. Kazi yake ni kupitisha hewa ya baridi kwenye bodi na kulisukuma joto nje kupitia uwazi mwembamba karibu na mlango. Ndiyo ile unayoisikia ikivuma hata baada ya kuzima oveni. Hii ya pili ndiyo naishuku.

Washa oveni, iache ipate moto kama robo saa, kisha sogeza kiganja karibu na uwazi ule bila kugusa chuma. Unatakiwa usikie hewa inasukumwa. Ukikuta hakuna hewa, au feni inakwaruza, au inaanza kwa kusitasita, hapo ndipo pa kuanzia. Dodoma kiangazi ni kirefu, vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na wewe juu yake una unga wa ngano unaopeperuka kila siku. Vikichanganyika na mafuta hugandia kwenye mapanga ya feni. Mara nyingine kusafisha kwa brashi kunatosha. Mota ikiwa imeungua, feni yake hununuliwa peke yake bila kugusa bodi.

Angalia na kabati. Seremala wengi hapa mjini hufunga mgongo wa kabati kwa plaiwudi ili lipendeze, na oveni inakosa pa kuvutia hewa. Kitabu cha oveni kina mchoro wa nafasi zinazotakiwa nyuma na chini. Kama hazipo, hata feni mpya haitasaidia.

Ile kulia yenyewe ina maana paneli inadhani kuna kidole kimeigusa. Mvuke hufanya hivyo, na mvuke hupanda ukipata mwanya mlangoni. Oveni ikiwa baridi, bana kipande cha karatasi kwenye mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka sehemu hiyo. Rudia pande zote. Na paneli ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usinyunyizie dawa moja kwa moja, maji hupenya hadi kwenye waya bapa unaounganisha vitufe na bodi.

Kuhusu herufi F, kila kampuni ina orodha yake, kwa hiyo usikubali tafsiri ya mtu ambaye hajauliza modeli. Ikiwa kwenye kitabu chako inamaanisha kihisi cha joto, yaani kifaa kinachopima joto la ndani, fundi akipime kwa mita. Kihisi cha PT1000, kinachotumika kwenye oveni nyingi, husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,000 kwenye nyuzi 0 na karibu omu 1,100 kwenye nyuzi 25. Kikisoma mbali sana na hapo, badilisha kihisi.

Kazi yoyote ya kufungua, zima breka ya oveni kwenye boksi la umeme. Kitufe cha kuzimia pekee hakikati umeme wote. Kisha msubirie fundi. Ndani kuna kapasita, vifaa vidogo vya kutunza umeme, zinazoweza kubaki na chaji, na mtu asiyezijua asiingize mkono.

Kama feni, kabati, mpira na kihisi vyote ni vizima, basi bodi ndiyo inashukiwa. Hata hapo, ipeleke kwanza kwa fundi mzuri wa televisheni. Kapasita iliyovimba, rilei (swichi ndogo ya kwenye bodi) iliyoungua au risasi ya kuchomelea iliyopasuka kwenye miguu ya vifaa hivyo ni vitu anavyobadilisha au kuchomelea upya kwa pesa kidogo kuliko bodi nzima.

Msomaji ambaye oveni yake inakataa kuwaka umeme uliokatika ukisharudi, na saa inawakawaka, hilo ni jambo jingine: oveni nyingi hazipashi moto mpaka uweke saa upya.

Dada, ukienda kutafuta feni, piga picha kibandiko chenye namba ya modeli. Mara nyingi kipo pembeni mwa fremu, ukifungua mlango unakiona.