Maswali na Majibu: Kwarteti ya Kwanza ya Mozart

Je, ni kweli kwamba mtunzi Mozart alitunga kwarteti yake ya kwanza, yaani kazi ya ala nne za nyuzi, katika nyumba ya wageni?

Ni kweli, na shahidi ni yeye mwenyewe. Kwenye karatasi ya muziki aliandika jina la mji, Lodi, ulioko kaskazini mwa Italia, na tarehe 15 Machi 1770, kisha akaongeza hata saa, ambayo kwa hesabu yetu ni saa 1 jioni. Alikuwa na umri wa miaka 14, na siku hiyo yeye na baba yake, Leopold, walikuwa wametoka Milan wakielekea Bologna. Hunigusa sana kwamba kijana aliyeshinda barabarani ndani ya gari la farasi alipofika aliketi kutunga.

Kwarteti hupigwa na ala zipi?

Fidla mbili, viola moja na chelo moja. Wapenzi wa taarab wanaifahamu vyema sauti ya fidla na chelo. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi.

Mwalimu wangu anasema kazi hii ina sehemu tatu, ilhali rekodi niliyonayo ina nne. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Pale Lodi Mozart aliandika sehemu tatu, yaani adajio ya mwendo wa polepole, alegro yenye kasi, na minueti, ambayo ni mdundo wa dansi. Rondo, ambayo wimbo wake mkuu hurudi tena na tena, aliiongeza miaka michache baadaye.

Inafaa kusikilizwa, au ni zoezi la mtoto tu?

Inafaa, hasa adajio. Sikiliza jinsi fidla mbili zinavyoshikana katika wimbo, huku viola na chelo zikizibeba kutoka chini. Ni kweli kwamba ala hizo za chini bado hazijapewa mengi ya kusema, tofauti na kwarteti sita alizomtunukia mtunzi mwenzake Haydn mwaka 1785, ambamo zote nne huzungumza kwa usawa. Hata hivyo, Mozart hakuitupa kazi hii ya utotoni: mwaka 1778, kabla ya kuondoka mji wa Mannheim, Ujerumani, kwenda Paris, aliagiza inakiliwe kwa ajili ya Baron von Gemmingen, na alipomweleza baba yake habari hiyo kwa barua, aliitaja kuwa ile kwarteti aliyoitunga jioni, Lodi, katika nyumba ya wageni.