Ruta na Kompyuta Ndogo za Nyumbani Zinapogoma Kuwaka: Maswali na Majibu

Wengi walioniandikia safari hii wanaeleza tatizo lao kwa neno moja: kimekufa. Naomba neno hilo tuliweke kando kwa muda. Kifaa kidogo cha mtandao hupita hatua kadhaa tangu kinapopata umeme hadi kinapojibu. Kwanza huamka butiloda, yaani programu fupi inayoandaa kumbukumbu na kuitafuta kerneli. Kisha huja kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayotambua vipande vya bodi. Kisha mfumo wa faili wa mzizi, zinamokaa programu zote. Na mwisho kabisa mtandao. Kifaa kilichokwama mwanzoni na kile kilichokwama mlangoni mwa mtandao humwonekea sawasawa mtu aliyekaa mbele ya kivinjari, ilhali tiba zake hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana kila jibu hapa linaanza kwa kuuliza kifaa kimefika wapi.

Nimeweka OpenWrt (mfumo huru wa kuendeshea ruta) kwenye ruta ya Archer C7 toleo la 2. Baada ya kuflashi, yaani kuandika mfumo mpya ndani ya ruta, mtandao wa Wi-Fi haupo na ukurasa wa 192.168.1.1 haufunguki. Fundi ameniambia ninunue nyingine. Je, kuna namna? (Msomaji, Morogoro)

Usinunue bado, ndugu yangu. Yawezekana kabisa kwamba ruta yako ni nzima. OpenWrt inapowekwa kwa mara ya kwanza huacha Wi-Fi ikiwa imezimwa kwa makusudi, ili ruta isianze kurusha mtandao usio na nenosiri. Kwa hiyo kutoona Wi-Fi si dalili ya ugonjwa. Tena, ikiwa ulipakua toleo la majaribio linalotengenezwa kila siku badala ya toleo rasmi, humo hamna LuCI, ambayo ndiyo kurasa za kivinjari za kuendeshea ruta. Chomeka kebo ya LAN kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, wala si lile la WAN linaloelekea intaneti, ipe kompyuta anwani 192.168.1.2, kisha andika `ping 192.168.1.1`. Ikijibu, ingia kwa `ssh root@192.168.1.1` (SSH ni njia ya kuingia na kutoa amri za maandishi kupitia mtandao), na utakuta mfumo umetulia unakusubiri.

Isipojibu, jaribu hali ya dharura. Zima ruta, iwashe, na uitazame taa kwa makini: ipo nafasi ya sekunde chache ambapo taa huanza kumetameta, na hapo ndipo unapopaswa kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio. Ukiwahi, taa hubadilika na kumetameta kwa kasi zaidi, na ruta husimama kwenye 192.168.1.1 bila kusoma mipangilio yako yoyote. Ingia kwa SSH, andika `mount_root`, na kama unashuku kwamba mipangilio ndiyo iliyoharibika, andika `firstboot` kisha uiwashe upya. Taa ikikubali kubadilika, maana yake butiloda na kerneli zote ni salama.

Taa isipobadilika, shuka hadi kwa butiloda. Ruta yako ni miongoni mwa zile ambazo butiloda yake hujua kuomba faili kwa njia ya TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66 yenye kinyago 255.255.255.0, washa programu ya seva ya TFTP, na uweke humo fimwea (faili ya mfumo wa ruta) uliyoibadilisha jina kuwa `ArcherC7v3_tp_recovery.bin`, jina hilo lenye v3 ndilo linaloombwa hata na toleo la 2, kwa hiyo usilisahihishe. Shikilia kitufe cha kurudisha mipangilio, washa ruta, na uachie baada ya sekunde chache, taa ya WPS inapowaka. Faili ya kutumia hapa ni ile ya kuingilia kwa mara ya kwanza, yenye neno factory katika jina lake, kwa sababu ile yenye neno sysupgrade imekusudiwa ruta ambayo tayari inaendesha OpenWrt. Na ukiamua kurudisha fimwea ya kiwandani, angalia kama jina lake lina neno boot: faili yenye neno hilo hubeba nakala ya butiloda mwanzoni, na lazima kipande hicho kikatwe kwanza kwa `dd if=kiwandani.bin of=safi.bin bs=512 skip=257`. Ukiiandika bila kuikata, hapo kweli utakuwa umejitafutia kazi ya kufungua kasha na kuchomea.

Wengi hushindwa katika hatua hii ya TFTP bila kosa lao. Tundu la LAN la kompyuta huchukua muda kuamka kila ruta inapozimwa na kuwashwa, na linapoamka ombi la ruta limeshapita. Weka swichi ndogo ya mtandao kati ya ruta na kompyuta ili upande wa kompyuta usikatike, na uzime ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta kwa dakika hizo chache. Nimeona mtu akirudia zoezi hili jioni nzima bila mafanikio, na likakubali mara ya kwanza baada ya kuweka swichi.

Nina TL-WR841N ya zamani. OpenWrt inawaka vizuri, lakini kila umeme ukikatika mipangilio yote inapotea. (Msomaji, Mwanza)

Matoleo mengi ya zamani ya ruta hiyo yana flashi, yaani hifadhi ya kudumu, ya MB 4 na RAM ya MB 32. Mfumo wenyewe umebanwa katika sehemu isiyoandikika, na mabadiliko yako huandikwa katika kipande kinachobaki, kiitwacho overlay. Kipande hicho kikikosa nafasi ya kutosha kuundwa, mfumo huweka mabadiliko kwenye RAM, na RAM haikumbuki chochote umeme ukienda. Andika `df -h` uone kama /overlay imeorodheshwa na ina nafasi kiasi gani. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba mara tu baada ya kuflashi, ruta hutumia dakika kadhaa kuandaa kipande hicho nyuma ya pazia. Ukiizima kabla haijamaliza, utapoteza ulichokwisha kupanga.

Niseme wazi, ingawa najua haitakufurahisha: mfululizo wa 19.07, uliotoka Januari 2020, ndio wa mwisho kutengenezewa rasmi vifaa vya ukubwa huo, na sasa haupokei tena marekebisho ya usalama. Mradi wa OpenWrt ulizaliwa mwaka 2004 juu ya ruta ya Linksys WRT54G, ambayo nayo ilikuwa na flashi ya MB 4, lakini kerneli imenenepa tangu hapo. Kwa maoni yangu, ruta hiyo isikae tena mlangoni pa intaneti. Itumie ndani ya nyumba kama swichi au kituo cha Wi-Fi nyuma ya ruta nyingine, na ukinunua mpya, tafuta yenye flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128 kwenda juu.

Kompyuta yangu ndogo ya Raspberry Pi 4 inawasha taa nyekundu, halafu ile ya kijani inapepesa mara nne, inatulia, inapepesa tena mara nne. Nimebadilisha memori kadi mbili. (Msomaji, Kisumu)

Umefanya jambo jema sana kuhesabu, kwa sababu mapepeso hayo ni lugha. Manne humaanisha kwamba faili ya start ya kuanzishia haikupatikana. Saba humaanisha kwamba kerneli haikupatikana. Manane huashiria hitilafu ya RAM. Kwako wewe, butiloda imeamka, imeifikia kadi, na haikukuta ilichokitafuta. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni kwamba mtu amenakili faili ya mfumo ndani ya kadi kama anavyonakili picha au muziki. Faili ile ni sura ya kadi nzima, pamoja na patisheni zake, yaani vigawanyo vyake, na sharti iandikwe kwa programu ya kazi hiyo, kama Raspberry Pi Imager. Ukimaliza, chomeka kadi kwenye kompyuta: unapaswa kuona patisheni ndogo ya FAT32 yenye faili nyingi zikiwamo `config.txt` na `cmdline.txt`. Ukiona faili moja kubwa peke yake, kosa ni hilo.

Kadi ikiwa sawa na bado kifaa kinagoma au kinajizima, geukia umeme. Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu, hata iwe nzuri namna gani kwa simu, mara nyingi haifiki hapo. Mfumo ukiwaka, andika `vcgencmd get_throttled`: jibu la `0x0` ni afya, na jibu la `0x50000` linakuambia kwamba tangu kuwashwa, umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango na kasi ikapunguzwa. Diski ya kuzunguka iliyochomekwa kwenye USB huongeza mzigo, kwa kuwa matundu yote manne ya USB hugawana ampea 1.2 tu, diski kama hiyo ipewe adapta yake.

Nakuongezea moja ambalo hukuuliza, maana ndilo utakalokutana nalo baada ya hapo. Tangu Aprili 2022 mfumo wa Raspberry Pi OS hauji tena na mtumiaji pi mwenye nenosiri linalojulikana na kila mtu, na SSH huja ikiwa imezimwa. Tengeneza mtumiaji na uruhusu SSH ndani ya Imager kabla ya kuandika kadi. La sivyo kifaa kitawaka vizuri kabisa nawe utadhani kimegoma.

Nimenunua kebo ya siriali ya USB ili nione ruta inasema nini inapowaka, lakini napata herufi zisizosomeka. (Msomaji, Zanzibar)

Hongera kwa kununua kebo hiyo, kwani hakuna kifaa cha bei ndogo kinachomfaa mtu wa kazi hii kama hicho. Herufi zisizosomeka kwa kawaida ni kasi isiyolingana. Anza na 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ikikataa, jaribu 57600, inayotumika kwenye ruta kadhaa za zamani, kisha 38400. Hakikisha pia kwamba waya wa ardhi umeunganishwa, kwa sababu bila huo hata kasi sahihi hutoa takataka.

Kabla ya kuunganisha, kagua mambo mawili. Kwanza, kebo iwe ya volti 3.3, ile ya zamani ya RS-232, inayofikisha volti 12, itaunguza bodi. Pili, usiunganishe pini ya VCC, ile ya umeme, maana ruta ina adapta yake. Unganisha ardhi, TX (ya kutuma) ya kebo kwenye RX (ya kupokea) ya ruta, na RX kwenye TX. Kama bodi haina maandishi, tumia mita: ardhi ndiyo pini inayolia pamoja na chuma cha tundu la adapta, VCC hutulia kwenye 3.3 tangu mwanzo hadi mwisho, na TX ni ile ambayo namba zake huchezacheza katika sekunde za kwanza za kuwaka.

Maandishi yakianza kusomeka, soma mstari wa mwisho kabla ya ukimya. Ukiona U-Boot, butiloda ya ruta nyingi, ikilalamika `Bad CRC, using default environment`, usiogope; imekosa mipangilio yake iliyohifadhiwa na imetumia ile ya kuzaliwa nayo, na vifaa vingi huendelea kuwaka. Ukiona `Wrong Image Format`, faili uliyoandika si ya aina inayotarajiwa, au imeandikwa mahali pasipo pake. Ukiona `Unable to mount root fs`, kerneli ni nzima na inatafuta mzizi usiokuwapo; chunguza neno `root=` katika mipangilio ya kuwashia. Na ukiona `Starting kernel ...` kisha kimya, hapo subira inahitajika: huenda kerneli imekwama kwa kupewa faili ya maelezo ya bodi nyingine, lakini huenda pia inaendelea vizuri huku ikiandika kwenye tundu jingine la siriali. Subiri dakika mbili, jaribu `ping`, na ukague neno `console=` kabla ya kuandika upya chochote.

Baada ya kila kukatika kwa umeme, ruta yangu ya OpenWrt inakataa kupakua programu na kudai kwamba vyeti si halali. Baada ya muda inapona yenyewe. (Msomaji, Dodoma)

Ruta nyingi hazina betri ya saa. Ikiwashwa, OpenWrt hukisia wakati kwa kutazama tarehe ya faili mpya kuliko zote ndani ya /etc, kisha husubiri seva za NTP, zinazotoa saa sahihi mtandaoni, ziirekebishe. Kabla hazijajibu, ruta huamini kwamba leo ni siku ya wiki au miezi iliyopita, na cheti kilichotolewa juzi huonekana kama hakijaanza kutumika. Kwako inapona yenyewe. Kwa wanaotumia DNS iliyosimbwa (DNS hugeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP) inaweza isipone, kwa sababu saa inahitaji DNS ili ipate seva, na DNS inahitaji saa ili ikubali cheti. Ongeza seva moja ya NTP kwa namba ya IP badala ya jina, na mzunguko huo utakatika.

Jamaa amenipa Linksys NSLU2. Nimeweka kisakinishi cha zamani cha Debian (mfumo wa Linux), lakini sikioni kwenye mtandao. (Msomaji, Muscat)

Kifaa hicho cha mwaka 2004, cha kuunganisha diski za USB na mtandao, hakina tundu la skrini, kwa hiyo usakinishaji wote hupita kwenye SSH. Itafute katika orodha ya vifaa vya ruta yako, kisha ujaribu 192.168.1.77, ambayo ndiyo anwani yake ya asili. Ukiipata, jina la kuingilia ni installer na nenosiri ni install. Isipokuwapo kote kuwili, kagua sura uliyoiandika: chipu yake ya mtandao huhitaji programu ya Intel isiyo huru, ambayo haikuwamo katika sura rasmi za Debian, na bila hiyo kisakinishi huwaka kikiwa kiziwi. Kurudia ni rahisi. Shikilia kitufe cha nyuma kwa pini, washa, na uachie mara tu taa ya Ready inapogeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa nyekundu. Ikianza kupokezana nyekundu na kijani, iandikie sura kamili kwa programu ya `upslug2`. RAM yake ni MB 32 tu, kwa hiyo usakinishaji utachukua saa kadhaa. Anza asubuhi, na usichomoe diski ya USB hata kama itaonekana imetulia.