Re: Bunduki ya kwanza ya semi-otomatiki (inayojipakia risasi yenyewe) ya kuwindia bata, bajeti dola 600
Mkuu kwa hela hiyo hapo Minnesota, Marekani, mi ningeangalia Stoeger M3000 geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), inatengenezwa Uturuki na mfumo ni ule ule wa bunduki za Benelli za Italia, yaani inajiendesha kwa nguvu ya teke lake yenyewe (msukumo wa kurudi nyuma ikifyatua) kwa hiyo haichafuki sana, ila bega utalisikia, na ikiwa mpya risasi nyepesi zinaweza kuisumbua. Zile zinazojiendesha kwa gesi ya baruti teke lake ni laini lakini kusafisha ndo kazi sasa. Popote utakaponunua ijaribu begani ukiwa umevaa jaketi la baridi, watu wanasahau hii kabisa! Na kwa bata ni marisawa (vile vipunje vya ndani ya risasi) ya chuma, ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani nzima tangu 1991, na bunduki isibebe zaidi ya risasi 3.