Ukienda maonesho ya mavazi, omba kuona ndani ya nguo

Wadogo zangu mnaoanza ushonaji na ubunifu wa mavazi hapa Dodoma, maonesho yaliyo karibu nanyi ni Nane Nane, pale Nzuguni. Ndiyo, ni ya wakulima, na wengi wanafuata ng'ombe na mvinyo wa zabibu. Lakini mafundi na wauza batiki huwa wapo, na mabanda ya VETA (mafunzo ya ufundi stadi) na SIDO (shirika la viwanda vidogo) msiyapite juu juu. Yanaanza Agosti 1, kilele tarehe 8. Kilele waachieni wanaotaka kuona viongozi. Nendeni siku za mwanzo, asubuhi, fundi hajazongwa na wateja.

Mwanafunzi mgeni utamjua tu: anapiga picha gauni kwa mbele, anasonga. Kwa mbele kila nguo imependeza! Omba ruhusa, igeuze. Kingo zimepigwa overloku au nyuzi zinachomoka? Bitana imeishia wapi? Ubavuni imeachwa akiba ya kutosha, mteja akinenepa nguo ifumuliwe ipanuliwe?

Kwenye kitenge, anza na mishono: maua yamekutana au yamepishana? Halafu tazama mwelekeo. Kitenge chenye ndege wanaotazama juu wote hakikatwi kwa kubanabana. Ukigeuza kipande kimoja ili kitambaa kitoshe, wa kifuani watapaa na wa mgongoni wataning'inia kichwa chini. Ndiyo maana nguo ya namna hiyo hula kitambaa, na bei inapanda. Muulize fundi ametumia yadi ngapi. Swali hilo huwafungua midomo kuliko "ulijifunzia wapi?"

Khanga ni shughuli nyingine. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Angalia mbunifu pindo ameipeleka wapi: chini ya gauni, mikononi, au ameikata akaitupa (mimi huyo simwelewi). Na jina je? Nimeshaona limekaa sawasawa kwenye makalio, na kwa maneno yale sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Kuhusu picha, fundi akikataa usinung'unike. Mshono wake ndio ugali wake. Beba daftari na penseli, uchore kola moja au mkono mmoja vizuri. Agosti kuna upepo na vumbi, kwa hiyo beba na maji ya kunawa kabla hujagusa nguo ya mtu. Chipsi kuku mle mkishamaliza mabanda ya nguo.