Kabla hujanyoosha mkono kwenye mnada wa halmashauri

Ghala lilibakiwa na mlango mmoja, nao unaning'inia kwa bawaba moja. Zamani halmashauri ya kwetu ilihifadhia pembejeo humo, baadaye likaachiwa popo na vijana wa kamari. Tangazo la mnada lilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata nililisoma mara moja tu, haraka haraka, maana fremu sita za maduka zilishajipanga kichwani.

Siku yenyewe tulikuwa kama watu kumi na watano. Dalali akasoma masharti: mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14. Nikashinda. Nikalipa, nikakunja risiti, nikapiga simu nyumbani kutamba. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa ofisini akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee wangu, hayo mabati utayaondoa lini?"

Kumbe nimenunua jengo la kubomoa! Mabati, mbao, nondo na matofali yatakayopona. Kiwanja hakikuwemo. Na tangazo lilisema hivyo, mstari wa nne kutoka chini. Nilirudi ubaoni kuuangalia, upo.

Ndiyo maana leo mtu akiniambia halmashauri inauza eneo, namuuliza: inauza nini hasa? Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hata ukiuziwa kiwanja chenyewe, unachopata ni milki ya muda usiozidi miaka 99. Basi dai namba ya kitalu na ya kiwanja, uone ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uone kumbukumbu zao zinasema kiwanja ni cha nani. Halafu nenda ukazikanyage bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, kwa mguu wako. Ramani ikionyesha eneo la wazi au uwanja wa shule, bei nafuu isikulainishe. Kubadili matumizi ya eneo kuna utaratibu wake, na nyundo ya dalali haimo.

Mtafute na diwani. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, ingawa wengi wetu tunadhani ni vya wenye suti. Kaa nyuma na daftari lako. Unataka kujua kama baraza liliridhia mali hiyo iuzwe, na kama mthamini aliifikia au bei imetoka hewani.

Kijijini usiishie kwa mwenyekiti, hata kama muhuri anatembea nao mfukoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Omba muhtasari wa mkutano huo, uangalie tarehe na mahudhurio. Na fedha usimkabidhi mtu mkononi, hata akiwa shemeji yako. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali.

Mimi nilibomoa kwa siku tisa na mafundi wawili. Mabati mengi yalikuwa yameoza kwenye misumari, lakini matofali yalitosha choo na jiko la nje. Ule mlango wa bawaba moja niliufunga kwenye banda la kuku.