Kulinganisha maisha ya nchi mbili: anza na mwezi wako mmoja

Watu wakijua umewahi kuishi na kufanya kazi katika nchi mbili, swali huwa ni lilelile: wapi kuna maisha mazuri? Siku hizi silijibu kwa kutaja nchi. Anayeniuliza simjui ana watoto wangapi, anameza dawa gani kila siku, wala kama ni mtu wa kuweza kukaa mbali na ndugu zake. Huwa namwambia anipe mwezi wake ulivyo, tuuhamishie kule, tuone utasimamaje.

Wengi huanzia kwenye kikokotoo cha simu. Mtu ameahidiwa mshahara kwa fedha za kigeni, anauzidisha kwa bei ya leo ya kubadilishia fedha, anapata tarakimu inayomkosesha usingizi. Lakini mshahara huo atautumia kule, kwa bei za kule. Wachumi wamehangaika na jambo hili muda mrefu, na tangu 1968 upo mpango wa kimataifa wa kukusanya bei za bidhaa na huduma zinazofanana nchi kwa nchi, ili vipato vilinganishwe kwa uwezo wa kununua. Ukikutana na takwimu mbili za kipato cha nchi moja zilizoachana mno, mara nyingi moja imetumia bei ya kubadilishia fedha na nyingine imetumia uwezo huo wa kununua.

Hata hivyo, bei hazipandi zote kwa pamoja unapovuka mpaka. Simu, kompyuta na gari hutoka soko la dunia, kwa hiyo hazipishani sana, na pengine nchi maskini ndiyo inauza ghali zaidi kwa sababu ya ushuru na usafirishaji. Kinyozi, fundi bomba na yaya hawapakiwi kwenye kontena. Malipo yao hufuata mishahara ya mahali walipo. Ndiyo maana unamkuta mtu kwenye nchi tajiri ana simu ya kisasa mfukoni, lakini sinki likivuja anachuchumaa chini yake mwenyewe, spana mkononi na beseni pembeni, maana kumwita fundi kwa saa moja ni kutoa jasho la nusu siku. Akirudi kwao anamwita fundi bila kufikiri, ila simu ileile anaidunduliza miezi.

Kwa hiyo mimi hupima kwa saa za kazi. Chukua mshahara unaobaki baada ya makato yote (kodi, bima, mfuko wa pensheni), ugawanye kwa saa unazofanya kazi kwa mwezi. Kisha jiulize kila tumizi linakula saa ngapi: pango, nauli, chakula, ada, umeme. Fanya hivyo kwa nchi zote mbili kwenye karatasi moja yenye safu mbili.

Rafiki yangu mmoja tulikaa naye mezani tukafanya hesabu hiyo. Pango lilipanda, chakula kikashuka, nauli zikakaribiana, na safu ya nchi mpya ilikuwa inashinda vizuri tu. Tulipofika kwenye mstari wa mtoto akaweka kalamu chini. Nyumbani, mtoto anashinda kwa bibi yake bila malipo. Kule, kituo cha kulelea watoto mchana kingemeza karibu theluthi ya mshahara. Hakuna takwimu ya taifa inayohesabu thamani ya bibi. Hatimaye alikwenda, ila alisubiri kwanza mtoto aanze shule.

Takwimu za taifa zina kazi yake, mradi ujue zinapima nini. Kipimo cha maendeleo ya binadamu cha Umoja wa Mataifa, kilichoanza 1990 chini ya mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, huchanganya umri wa kuishi, elimu na kipato, na kwangu ni bora kuliko pato la taifa peke yake. Pato la taifa linaweza kukuchezea shere: mwezi Julai 2016 Ireland ilitangaza kuwa uchumi wake ulikua kwa asilimia 26.3 mwaka 2015, na sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokana na kampuni za kimataifa kuhamishia mali zao kwenye vitabu vya hesabu vya nchi hiyo. Mwananchi wa kawaida hakuamka na robo ya ziada mfukoni. Upande wa pili, watu wa Costa Rica wamekuwa wakiishi umri unaolingana na wa Wamarekani au kuuzidi, kwa kipato kidogo sana kuliko chao.

Tena wastani wa nchi umejengwa hasa na wenyeji, na wewe unakwenda kama mgeni. Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi zaidi. Je, cheti chako cha uuguzi au ualimu kitatambuliwa, au utaanza upya kwenye mitihani ya leseni huku ukifanya kibarua? Kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri mmoja? Kama kimefungwa, kuachishwa kazi kunaweza kuwa pia mwanzo wa kufungasha virago. Bima ya afya inaanza lini, na inamgusa mwenzi wako? Hospitali nzuri usiyoruhusiwa kutibiwa bila kulipa fedha nyingi haimo katika maisha yako, hata kama imo katika takwimu za nchi.

Furaha sitaisemea sana. Tafiti kubwa humwomba mtu ajiweke kwenye ngazi kuanzia 0 hadi 10, na nchi za Nordiki, zile za kaskazini mwa Ulaya kama Finland na Denmark, hupanda juu. Wewe kule juu unaweza kujikuta mpweke vilevile.

Majibu ya haya yote hayapo kwa aliyehama miaka ishirini iliyopita, ambaye kodi na kanuni za wakati wake zimeshabadilika. Mtafute mtu wa fani yako aliyefika karibuni, umwombe akutumie picha ya hati yake ya mshahara, jina likiwa limefichwa, uone makato mstari kwa mstari. Kabla hujakata simu, muulize alipopanga nyumba alitakiwa kuweka amana ya miezi mingapi. Hiyo fedha utadaiwa siku unafika, mshahara wa kwanza ukiwa bado.